Kabla ya Mgongo Huu

Chebet,

Mambo ya nguo za baridi, chakula na namba za kupiga ukikwama, mama yako amekuambia tangu Jumatatu na atakuambia tena asubuhi. Mimi sitarudia. Nakuandikia kwa sababu nimekasirika, na mtu niliyemkasirikia siwezi kumfokea, maana nikifoka nitakuwa nimemthibitishia maneno yake. Mtu huyo ni wewe.

Jumamosi nilikusikia.

Ulidhani niko nje na wageni. Nilikuwa nimelala chali kwenye sakafu ya stoo, kati ya mbolea na madebe ya maziwa, kwa sababu ile simiti ndiyo kitanda pekee kinachonielewa nikishakaa kitini muda mrefu. Ukuta wa stoo na jikoni ni mbao tu. Ukamwambia mama yako, "Desemba sirudi, Mama. Nitatafuta kazi ya likizo huko huko Meru. Nimechoka na Baba." Mama yako akasema, "Baba yako ni mgonjwa, Chebet." Na wewe ukasema, "Huo si ugonjwa, ni tabia. Nimesoma. Watu wa maumivu ya miaka mingi huwa hivyo. Wakali, wa kulalamika, wanaona kila mtu ni adui. Ndivyo walivyo."

Ndivyo walivyo! Lango la chuo cha utabibu huko Meru hujaliona bado, na tayari umenipa jina la darasani.

Sikatai kwamba Jumamosi hiyo nilifoka. Sherehe yako ya kuagwa ilikuwa nzuri mpaka hapo. Pasta aliomba, mjomba wako akasimama kutoa neno la dakika tano akatoa la saa nzima, na mimi nilikuwa kwenye kile kiti kigumu cha mbele, kwa kuwa baba wa msichana hawezi kujilaza kwenye sofa watu wakitazama. Mtoto wa pasta akapita mbio akagonga mguu wa kiti. Mgongo ukashika kama nimekanyaga waya wa stima. Nikanguruma. Mtoto akalia, chai ikamwagikia gauni la mama yake, na wageni wote wakanigeukia. Mjomba wako akaokoa hali kwa mzaha wake: "Msishtuke, wageni! Shemeji yangu ni simba wa Chebunyo. Huko wanazaliwa wakinguruma." Watu wakacheka. Wewe hukucheka. Ulinitazama jinsi watu wanavyomtazama mbwa aliyewahi kuuma.

Sasa nisikilize. Naandika nimesimama, karatasi iko juu ya kabati ya vyombo, kwa maana leo kukaa kumekataa. Nikichoka nitaenda kulala kidogo sakafuni kisha nirudi. Ukiona mwandiko umebadilika, ujue nilikuwa chini.

Unanijua mimi ni mtu wa hesabu. Karani wa kituo cha majani ya chai akisoma kilo kumi na nane na mshale uko kumi na tisa, siondoki pale, hata foleni yote ipige kelele. Nilikuja huku kutoka Chebunyo na gambuti za kuazima. Leo nina ekari mbili na nusu za chai, ng'ombe watatu wa maziwa na duka la dawa za mifugo pale Kapkatet, na hakuna mtu anayeweza kusimama aseme hiki alipewa na mimi. Nilifika hapa kwa kukataa namba za uongo. Kwa hiyo nataka ujue juu ya namba ya uongo niliyoitoa mimi mwenyewe.

Kabla hujazaliwa nilikuwa mpakiaji kwenye kiwanda cha chai. Chai ikishakauka na kuchambuliwa inatiwa kwenye magunia ya karatasi, na sisi tulikuwa tunayapandisha kwenye lori begani, tukipita juu ya ubao. Siku moja ya mvua ubao ukawa na utelezi. Nikaanguka kitako, gunia likanikalia. Nikasikia kitu chini ya kiuno kikilia kama kuni kavu. Nikainuka. Nikaliinua lile gunia na kulifikisha ndani ya lori. Wenzangu wakapiga kelele mpaka wasichana wa kuchambua wakatoka nje: "Huyo ni mwanaume! Huyo alipita jandoni vizuri!"

Hapo ndipo vitabu vyako havijafika. Mambo ya menjo, kule vijana wetu wanakotengwa wakati wa kutahiriwa, sitakuandikia. Wewe ni msichana, na hata ungekuwa mvulana hayaandikwi. Lakini moja linajulikana hata na watoto: siku ile uso haukunjwi. Hata kope. Kuna wanaume wazima wanasimama karibu na fimbo, kazi yao ni kuangalia uso wako tu, na ukikunja, aibu ni yako na ya baba yako na ya dada zako ambao hawakuwepo. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Sikukunja. Na mpaka leo hakuna mtu aliyewahi kuja kuniambia kwamba ule mtihani umekwisha.

Kwa hiyo nilipoenda zahanati ya kiwanda kesho yake, tabibu akaniuliza: "Kutoka sifuri mpaka kumi, kumi ikiwa ni uchungu usiovumilika, wewe uko wapi?" Chumbani tulikuwa watatu, yeye, mimi, na msimamizi wa upakiaji aliyekuwa amekuja kuchukua dawa ya kikohozi. Asubuhi hiyo mama yako alinifungia kamba za viatu kama mtoto wa nasari. Nikasema, "Mbili."

"Mbili?"

"Mbili, daktari. Labda mbili kasorobo."

Msimamizi akacheka kwa furaha, akanipiga begani. Nikapewa dawa ya kupaka, nikarudi kubeba.

Yule tabibu namkasirikia mpaka leo. Alikuwa amekaa na sisi miaka. Alijua mwanaume wa huku akisema mbili ana maana gani. Mama wa sokoni akikuambia ndizi ni mia mbili, unajua hapo ndipo maongezi yanaanza. Yeye alichukua bei ya kwanza ya mtu asiyeweza kuinama, akaandika, akaita anayefuata. Lakini namba ilitoka kwenye mdomo wangu. Hilo siwezi kumpa yeye.

Jina likanishika. "Mbili! Kuja hapa, Mbili, lori inangoja!" Miezi ikapita, mguu wa kulia ukaanza kufa ganzi, nikaenda kuomba kazi ya kuchambua, ile ya kusimama mahali pamoja. Msimamizi aliwaita wengine waje wasikie. "Mnasikia Mbili? Mbili anataka kazi ya akina mama." Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Sikuomba tena. Niliacha kazi nikaanza mambo yangu mwenyewe, na sasa watu wananiambia kanisani kwamba nilikuwa na maono. Maono gani? Nilikuwa nakimbia gunia.

Wewe ulizaliwa mwaka wa pili baada ya hapo. Piga hesabu hiyo. Mtu unayemwita Baba hujawahi kumwona akiwa peke yake. Umemwona siku zote akiwa amebebana na mgongo.

Muulize mama yako alinipendea nini. Si ukali. Nilikuwa mwigaji. Nilikuwa naiga meneja anavyotembea kama viatu vinambana, naiga mhubiri anavyokohoa kabla ya sadaka. Kwenye foleni ya mshahara walikuwa wananisukuma mbele niwachekeshe. Mama yako alikuwa anachuma chai kwenye shamba la kampuni, na neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Wewe mwenye kuiga watu, hebu niige mimi." Nikamwiga akigombana na karani juu ya majani yaliyokomaa. Alicheka mpaka kikapu kikamtoka mgongoni. Wewe unajua mama yako si mtu wa kucheka na wageni.

Huyo mtu alienda wapi? Ukiniambia nilizaliwa mkali, basi mama yako aliolewa na nani?

Tunapopeleka majani kituoni, karani anaondoa uzito wa gunia na wa maji ya mvua kabla ya kuandika kilo. Tunalia kila siku kwamba anaondoa sana. Mimi nimepimwa miaka ishirini na hakuna aliyeondoa chochote. Gunia, maji, matope, vyote vimeandikwa kuwa ni mimi.

Unasema nafoka kwa vitu vidogo. Kijiko kikianguka nafoka. Ndoo ikiwekwa chini badala ya kwenye meza nafoka. Wewe na mama yako mmeniita mtu wa utaratibu, na nyinyi wawili mnacheka mkidhani sisikii. Nikuambie hesabu ambayo sijawahi kumwambia mtu. Kila nikiamka najua siku hiyo nina miinamo kama ishirini, nikibahatika. Kuvaa soksi na viatu kunakula minne. Kukamua ng'ombe mmoja, mitano, na ndiyo maana nilimwajiri mtu wa kukamua, si kwa sababu nimekuwa tajiri wa maringo kama shangazi zako wanavyosema. Choo cha shimo, sitakuandikia. Kufika saa nne nimebaki na sita au saba, na siku bado ni ndefu. Sasa mtu anaangusha kijiko karibu na mguu wangu na kusema "pole Baba" akipita. Wewe unaona kijiko. Mimi naona amechukua kitu changu ambacho hawezi kurudisha.

Na hata hivyo ningeweza kusema, "Chebet, okota." Kwa sauti ya kawaida. Hilo nalo nalijua.

Kwa maana usidhani nataka kuutupia mgongo kila kitu. Nimejaribu kufanya hesabu hiyo kwa haki, na kuna sehemu inabaki upande wangu. Nitakupa mfano mmoja, ule ambao natumaini uliusahau na najua hukuusahau.

Ulikuwa na miaka mitano. Tulikuwa tunatoka kanisani, barabara matope matupu, ukaninyooshea mikono nikubebe. Nikasema wewe ni mkubwa, tembea. Ulitembea mpaka nyumbani, viatu vyako vyeupe vikawa vyekundu. Kesho yake mbolea ilifika kituoni, na wanaume wote wa mtaa walikuwa pale wakipokea. Gunia la kilo hamsini. Mkokoteni ulikuwa pale pale, mwenyewe ananiita, "Mzee, weka hapa." Nikawatazama wale wanaume. Nikaweka begani. Ulikuwa umesimama na mama yako ukaniona nikipita. Jioni ukaja ukasimama mbele yangu na kuniuliza polepole, bila hasira hata kidogo:

"Baba, mbolea unaipenda?"

Nikakuambia unyamaze. Tangu siku hiyo hujanyoosha mikono kwangu tena kwa jambo lolote.

Nililala siku tatu kwa sababu ya gunia lile, nikawaambia watu ni malaria. Malaria ina heshima. Ukisema malaria, majirani wanaleta maziwa. Ukisema mgongo, wanauliza shamba utauza lini. Lakini mgongo haukukataa kukubeba ili ubebe mbolea. Mgongo ulitaka mkokoteni. Aliyekataa ni mimi, na sikuwa nimekasirika wakati huo. Nilikuwa naogopa macho ya watu sita ambao wawili wao leo ni marehemu na wengine hata hawakumbuki.

Ulipokuwa kidato cha pili nilienda hospitali kubwa, mbali, ili nisikutane na mtu anayenijua. Nilivaa shati jeupe. Nilinyoa. Niliingia nimenyooka, kwa maana ndivyo ninavyoingia mahali penye watu. Lakini nilikuwa nimeapa kwamba safari hii nitasema ukweli. Daktari alikuwa kijana, umri wa mtoto wa dada yangu.

"Namba, mzee?"

"Tisa."

Akaniangalia kutoka kiatu mpaka kola. "Mzee, mtu wa tisa haingii hapa kwa miguu yake."

Nikubali kwako kwamba haikuwa tisa. Ilikuwa nane. Niliongeza moja kwa ajili ya miaka yote ya mbili. Usiku huu ni saba, kama ungependa kujua, na hakuna aliyewahi kupenda.

Akaiweka picha ya eksirei kwenye taa, akasema mgongo wangu ni wa mtu wa umri wangu tu. Kisha akaanza maswali. "Wewe ni mtu wa wasiwasi?" Ndiyo. "Unakasirika haraka?" Ndiyo. "Unataka mambo yaende vile umepanga wewe?" Nikamwambia, "Nani anapanga ili yaende vingine?" Akaandika hilo pia. "Watu husema ni vigumu kuishi na wewe?" Husema. Akawa anaandika kwa furaha, kama mtu aliyepotelewa na ufunguo akauona chini ya mkeka. "Sasa unaona, mzee. Kuna aina ya watu ambao uchungu ukiwapata hautoki. Ni vile mtu ameumbwa kwa ndani. Jaribu kupunguza mawazo."

Maswali yote hayo, Chebet, na hakuuliza moja: tangu lini. Wewe ni mkali, tangu lini? Huna usingizi, tangu lini? Ulianza lini kuona watu kama adui? Ningemwambia. Ningemtajia mpaka hali ya hewa ya siku hiyo.

Ng'ombe wangu akianza kurusha mateke, mtu wa mifugo nitakayemwita atauliza ameanza lini, kisha atapapasa kiwele. Hakuna atakayesimama langoni aniambie huyu ni ng'ombe wa aina ya mateke, mpunguzie mawazo. Nimeuza dawa za mifugo miaka kumi na mbili na sijaliona hilo. Wanyama wangu wanatibiwa kwa adabu kuliko mimi.

Sisemi hakuna ukweli kabisa katika yale aliyosema. Mimi si mjinga. Nikigombana na mtu mchana, usiku mgongo unadai chake. Na uoga wa kuinama umenikaza kuliko mfupa wenyewe, hilo aliniambia mama mmoja wa mazoezi ya viungo, aliniambia vizuri akiwa ameushika mgongo wangu kwa mikono miwili, na sikumkasirikia. Alijua anachokisema kwa kuwa alikuwa amekishika. Yule kijana hakunigusa.

Halafu kuna Mama Akinyi.

Uliwahi kuniambia, nawe si wa kwanza, "Baba, kwa nini usiwe kama Mama Akinyi? Yeye pia anaumwa lakini ana furaha." Unamjua kama mama wa mboga anayekaa mbele ya duka letu akicheka na kila anayepita. Mimi namjua kutoka zamani. Alitoka upande wa ziwa akiwa msichana, akaja kuchuma chai kwenye mashamba ya kampuni, akachuma mpaka vidole vikakataa kukunja na mabega yakakataa kuinuka. Hawezi kujifunga kitambaa cha kichwa. Binti yake ndiye humfunga.

Mwezi uliopita nilimuuliza. "Mama Akinyi, hebu niambie. Na mikono hiyo unacheka nini?"

"Kwani nikilia utanunua sukuma, Baba Chebet? Mtu hanunui mboga kwa mtu analia. Zinaonekana kama zimelala."

"Na ukifika nyumbani?"

"Nyumbani naweka mikono kwa maji moto na nanyamaza. Watoto wangu wanajua, mama akinyamaza, kaa mbali. Wewe unagawa kelele bure kwa kila mtu, ndiyo maana unaitwa mbaya. Mimi yangu nauzia ndani." Akacheka mpaka mteja aliyekuwa anapita akacheka naye. Mteja alipoondoka akaacha kucheka, akaangalia vidole vyake. "Juzi nilienda kutafuta dawa. Yule msichana wa zahanati akaniambia, 'Mama, wewe huna uchungu mwingi, unacheka vizuri.' Akanipa dawa ya kichwa."

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Nilicheka. Sasa ningefanya nini? Uso umezoea."

Nilisimama pale na hasira mpaka nikasahau nilikuwa nimekuja kufungua duka. Sasa wewe msomi, nifanyie hesabu hiyo. Anayecheka haumwi. Anayefoka ameumbwa hivyo. Anayesema mbili apewe ya kupaka, anayesema tisa ni mwongo. Mama Akinyi na mimi tumetoka kwenye chai ile ile, yeye mikono, mimi mgongo, na hatufanani kwa lolote, na wote wawili tumerudishwa nyumbani kwa sababu ya sura. Ni uso gani basi unaoruhusiwa kuumwa? Mkiutambua huko darasani, nitumie ujumbe. Nitaununua.

Nimelala kidogo nikarudi.

Nimesoma niliyoandika na naona nimekufokea kurasa nyingi. Sitaipasua. Ungekuwa unaenda kusomea ualimu au mambo ya benki, ningenyamaza na hili kama nilivyonyamaza na mengine. Lakini unaenda kukalia kile kiti cha daktari. Baada ya miaka michache ataingia mtu wa huku, amenyoa, amevaa shati la kanisani, ameingia amenyooka, na wewe utamuuliza namba, maana nasikia mnafundishwa kuuliza namba. Atakuambia mbili. Usimtazame usoni, Chebet. Ule uso ulifundishwa na watu waliokuwa na fimbo. Mwambie avue viatu, kisha mtazame anavyozifikia kamba.

Na akiwa mkali, akikutukana hata, akisema nyinyi madaktari ni wezi, muulize tangu lini. Kisha ungoje. Atatafuta jibu muda mrefu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza, na huenda akalia, na huenda akatoka akibamiza mlango. Mimi sijui ningefanya lipi kati ya hayo mawili.

Kuhusu Desemba, sikuombi. Nilitaka kukuomba nikaona ni kukuwekea mzigo. Wala sitakuahidi kwamba ukija utanikuta mpole, maana siahidi kitu ambacho sina. Mgongo utakuwepo Desemba, na mimi nitakuwepo, na mtoto wa mtu atagonga kiti. Ninachoweza ni kimoja. Nikifoka, nitasema palepale ni kwa nini, mbele ya waliopo, na sitasema malaria. Na ikiwa nimefoka kwa ubaya wangu tu, mgongo ukiwa hauna hatia, hilo nalo nitalisema, ingawa litaniuma zaidi. Wewe ukikaa huko Meru kwa sababu umepata kazi nzuri ya likizo, kaa. Ukikaa kwa sababu yangu, nataka ukae kwa sababu ya mimi mwenyewe, yule anayebaki baada ya kuondoa gunia na maji, na si kwa sababu ya kile kitu kilichonikalia kabla hujazaliwa. Huyo ukimchukia nitaelewa. Lakini mjue kwanza.

Alfajiri mjomba wako atafika na gari lake mpaka kwa barabara, halitaweza kupanda hadi mlangoni kwa matope. Majirani watakuwa wamesimama langoni kukuaga. Sanduku lako nimelijaribu jioni kwa mguu, halisogei, umejaza vitabu. Hapa kwetu baba ndiye hubeba sanduku la mtoto anayeondoka mpaka kwenye gari, na nilibeba lako ulipoenda sekondari, na unakumbuka kwamba wiki hiyo nilikuwa na malaria.

Kesho silibebi. Nitamwita mjomba wako mbele ya kila mtu nimwambie, "Beba wewe, mgongo wangu hauwezi." Atacheka, akidhani ni mzaha. Nitarudia. Mama yako ataangalia chini, na pengine mtu atasema neno. Wewe usikimbilie kulishika ili kunifichia. Waache waone mikono yangu iko mitupu. Na ukija kuniaga, usinipe mkono kama tunavyofanya siku zote. Njoo kabisa, upite upande wa kushoto, usikaze sana. Upande huo unavumilia kushikwa.

Baba yako